Siku Tuliyomsifu Mkubwa

Msimu ule wa raga tulifungwa karibu kila mahali tulipokwenda. Tulifungwa nyumbani Kakamega, kwenye matope yetu wenyewe, tukafungwa ugenini kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, na mara moja tukafungwa na shule ambayo nusu ya timu yake ilikuwa imelala na homa. Naanza na hilo ili mtu asidhani nataka kuhadithia ushindi. Nimechoka na wazee wenzangu ambao kila wakikumbuka shule wanakumbuka vikombe tu. Sisi hatukupata kikombe. Tulipata chai, na nitaieleza hiyo chai.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya misheni, nje kidogo ya mji, na ilikuwa na timu mbili za wadogo. “Wadogo” maana yake ilikuwa kidato cha kwanza na cha pili, haikuwa habari ya umri, kwa sababu umri wa wengi wetu ulikuwa jambo la kubahatisha. Kulikuwa na watoto ambao sauti zao hazijavunjika, na kulikuwa na watu wazima waliochelewa kupata shule, ambao walinyoa ndevu nyuma ya bweni kabla ya kengele ya asubuhi. Wote tulivaa kaptula za kaki na wote tuliitwa wavulana.

Mimi nilikuwa timu ya kwanza, katikati ya mstari wa mbele wa skramu. Kwa asiyejua raga, skramu ni pale watu wa huku na watu wa kule wanapoinama, wakashikana mabega na kusukumana kama mafahali wa kupiganishwa kule Isukha, mpira ukiwa chini kati ya miguu yao. Mtu wa katikati hufanya kazi ya kuvuta mpira kwa mguu. Mikono yake yote miwili imeshikwa kwenye mabega ya walio kando yake, hawezi kujikinga wala kujikuna, na wakimwachilia anaangukia shingo. Kwa hiyo aliye upande wako wa kulia unamjua kuliko unavyomjua ndugu yako. Unajua jasho lake, na unajua siku ambayo hakula.

Wa kulia kwangu alikuwa Mkubwa. Tulimwita hivyo sote, na baadhi ya walimu pia. Alitoka upande wa Shianda, na alikuwa amesoma kwa vipande, mwaka mmoja darasani, mwaka mwingine nyumbani akilima. Alikuwa mtoto wa kiume pekee. Babake alipougua alisema hataki dawa wala maombi, anataka kuona mjukuu, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia angoje kwanza mtihani uishe. Mkubwa akaoa. Mzee akafa akijua mkaza mwanawe ana mimba, na miezi michache baadaye yakaja majibu ya mtihani kwamba Mkubwa amepita na ameitwa shule ya sekondari.

Sheria ya shule ilisomwa mbele yetu sote siku ya kwanza, na ilikuwepo tangu enzi za mapadre wa zamani: mwanafunzi aliyeoa hana nafasi hapa. Mkubwa aliisikia akiwa amesimama safu ya nyuma, na sanduku lake la bati miguuni. Hakuondoka. Kuna kitu alikuwa anakitaka kuliko alivyoogopa sheria.

Alitaka kuwa mpima ardhi. Alikuwa amefanya kibarua kule Lugari wakati mashamba ya Wazungu yalipokuwa yakikatwakatwa kugawiwa Waafrika, na kazi yake ilikuwa kuvuta mnyororo wa kupimia. Aliniambia kwamba yule anayevuta mnyororo anachoka mpaka jioni na hakuna anayemuuliza kitu, lakini yule anayechungulia kwenye kile kioo cha miguu mitatu akisema mpaka upite hapa, unapita hapo, na wazee wenye mvi wanasogeza nguzo zao. “Mimi nataka kuwa yure wa kuchungulia,” alisema. Alikuwa amemuuliza huyo mtu amesoma nini, akaambiwa hesabu. Kwa hiyo alikuwa analala na hesabu. Zile hesabu za herufi, ambazo mimi nilizichukia kama mafuta ya mbarika, yeye alizifanya baada ya mazoezi, matope yakiwa bado magotini, akicheka peke yake jibu linapotokea.

Sisi tuliokuwa karibu naye tulijua habari ya mke. Hatukuwahi kukaa kikao tukaapa kunyamaza. Tulinyamaza tu, kama unavyonyamaza mwenzako akiwa na kiraka kwenye suruali.

Sasa, timu ya pili. Hao walikuwa watoto kabisa, wepesi kama vifaranga, na walikuwa wakitupwa huku na huku mpaka inatia huruma. Mkubwa ndiye aliyewafundisha kuanguka. Mwalimu wetu wa raga, Mwingereza kijana mwenye shingo nyekundu, aliwafundisha sheria na mbinu ubaoni, lakini kuanguka bila kuvunjika mkono walifundishwa na Mkubwa, kwenye nyasi ndefu nyuma ya jikoni. Aliyempenda kuliko wote alikuwa namba tisa wao, tuliyemwita Tisa tu, kitoto kutoka upande wa Mukumu, mdogo kiasi kwamba jezi ilimfika magotini. Mwanzoni Tisa alikuwa akiona skramu anafumba macho na kusubiri iishe. Kufikia katikati ya msimu alikuwa anaingiza mkono kati ya miguu ya watu wazima na kutoa mpira kama anayetoa yai chini ya kuku mkali.

Katikati ya msimu huo ndipo lori letu lilipoharibika. Tulikuwa tumekwenda kucheza upande wa chini, kupita Mumias, timu zote mbili, na timu zote mbili zilikuwa zimefungwa. Tulikuwa tunarudi alasiri chini ya mvua, tumejazana nyuma ya lori chini ya turubai, na tulipokaribia Shianda gurudumu likaingia shimoni na chuma kikalia chini yetu. Dereva alilala kifudifudi kwenye matope akachungulia, akatoka akitikisa kichwa. Akaazima baiskeli ya mpita njia kwenda kutafuta fundi. Mwalimu akasema tungoje.

Tulingoja. Hatukuwa tumekula tangu asubuhi, kwa sababu wenyeji wetu walitupa machungwa na pole. Watoto wa timu ya pili walianza kutetemeka, na mmoja akaanza kulia kimya kimya, akijifanya anafuta mvua. Mkubwa alikuwa amesimama kando ya barabara akitazama kijia kilichopita katikati ya miwa. Alikitazama kwa muda mrefu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa anamuuliza kitu, na njaa ya jioni moja haijawahi kuua mtoto wa shule. Kisha akamwendea mwalimu akamwambia kuna jamaa zake hapo ndani, labda wanaweza kuwapa wavulana moto na chakula. Mwalimu alifurahi sana. Yeye alibaki na lori.

Ndivyo tulivyofika nyumbani kwake, kundi la watu waliolowa na kupakaa matope, tukapiga hodi. Mama yake alitoka, akatutazama, akageuka na kuanza kuita majirani kwa sauti ambayo nadhani ilifika Mumias. Mkewe alitoka nyuma yake na mtoto mchanga begani. Alikuwa msichana mwembamba, wa umri wangu hivi, na aliona haya, lakini kwa muda mfupi alikuwa ameshakoka moto mahali pawili. Kuku walifukuzwa. Winga wetu, aliyekuwa na mbio kuliko wote, ambaye msimu mzima hakumkamata mtu, alishindwa kukamata hata jogoo mzee, na mama yake Mkubwa alimcheka mpaka akashika kiuno.

Tulikula ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, tumekaa kwa makundi kwenye majamvi, na mchuzi wa kuku wale siwezi kuusahau. Mama alimwita mwanawe kwa jina la mtoto, kama ilivyo kwetu kwa mtu aliyekwisha kuzaa, Baba Fulani, leta kuni, Baba Fulani, wape wenzako maji. Jina lenyewe sitaliandika. Mkubwa hakukaa. Alikula amesimama mlangoni, akitazama nje. Tisa alipewa mtoto amshike wakati mama yake anasonga ugali, na mtoto akalala mapajani pake, na Tisa hakujisogeza mpaka tulipoitwa kwenda, ingawa mguu wake ulikuwa umekufa ganzi na akatembea akichechemea hadi barabarani.

Njiani kurudi kwenye lori Mkubwa alimwambia nahodha wetu, “Ongea na hao watoto.” Nahodha akaongea nao. Aliwaambia mambo ya boma la mtu si ya kusengenywa bwenini, na atakayemsengenya Mkubwa ataonana na timu ya kwanza yote. Hakuwaambia habari ya sheria. Aliona kwamba mtoto ukimwambia sababu umempa silaha, siku akigombana na mtu ataitoa. Sote tuliona amesema vizuri. Na kweli, wiki zikapita, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefungua mdomo.

Msimu ukaisha. Mwalimu wetu alikuwa na desturi aliyokuja nayo kutoka kwao: Jumapili baada ya mechi ya mwisho wachezaji hukaa pamoja, wakanywa chai, na kila mmoja husimama akautazama msimu nyuma, aseme umempa nini, na amshukuru mtu mmoja. Alitueleza hayo kwa bidii, kana kwamba ni kitu kigeni ambacho tutahitaji muda kukizoea. Sisi tulitazamana. Kusimama mbele ya watu na kumsifu mtu ni kitu tulichozaliwa nacho. Kwetu haiishi arusi, haiishi matanga, haiishi hata kazi ya kujenga nyumba, bila watu kusimama mmoja mmoja. Tena akasema siku hiyo kila mtu aseme kwa lugha itakayomtosha, Kiingereza tukiache mlangoni. Ulikuwa wema wake, na mpaka leo siwezi kumlaumu, ingawa nimejaribu.

Ukumbi wa chakula ulipambwa kwa maua ya shule. Kulikuwa na mkate wenye siagi, na chai yenye maziwa ya kutosha mara moja katika maisha yetu. Mwalimu mkuu alikuja. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, alikuwa amepewa mwaka huo huo, na alivaa koti jeusi hata jua likiwaka. Tulimwogopa na tulijivunia. Pembeni yake alikaa mgeni kutoka bodi ya shule, padre mzee wa Kizungu aliyekaa nchini miaka mingi mpaka akawa anatania kwa Kiluhya. Tulipoona padre anaelewa kila kitu, tulifurahi.

Mimi nilikaa na Mkubwa kwenye benchi moja, yeye kulia kwangu kama kawaida. Wenzetu walisimama na kusema. Mmoja alisema msimu umemfundisha kuwa matope yana ladha. Mmoja alimshukuru dereva. Winga alisema mwaka ujao atakamata mtu, na watu wakapiga kelele, “Anza na jogoo!” Padre akauliza jogoo gani, na watu wakageukia mkate wao, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimtazama mwenzangu. Mkubwa alikuwa anakunywa chai yake taratibu.

Akasimama Tisa.

Alikuwa amechana nywele kwa maji. Alisimama juu ya benchi kwa sababu akisimama chini haonekani, na akaanza bila kuogopa, mtoto yule aliyekuwa akifumba macho.

“Mimi nashukulu Mkubwa,” alisema. “Mimi nilikuwa naogopanga skramu. Kila siku nilikuwa naomba mvua inyeshe tusicheze. Mkubwa akanifundisha kuanguka. Akaniambia mtu akianguka vizuri hataogopa tena. Sasa siogopangi.”

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa sifa safi na ingetosha. Nilimtazama Tisa nikamwomba moyoni akae chini. Lakini unapaswa kuelewa jinsi tulivyolelewa. Kwetu ukimsifu mtu kwa nguvu zake tu na ukaketi, umemsifu kama ng'ombe wa kulima. Mtu mzima husifiwa pamoja na boma lake, na mlango wake, na aliyemzalia. Kulitaja boma la mtu kwa siri bwenini, kwa kucheka, huko ndiko kusengenya. Kulitaja mbele ya watu, umesimama, yeye akiwepo anakusikia, ni heshima kubwa kuliko zote. Tisa alikuwa anashika neno la nahodha kikamilifu. Alikuwa amelelewa vizuri, na hilo ndilo lililotumaliza.

“Na si nguvu tu,” alisema.

Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Nahodha, aliyekuwa meza ya pili, aliinua mkono kama anayetaka kuomba chai. Kiranja akatukazia macho sote wawili. Kumkata mtu anayesifu ni utovu wa adabu, na mbele ya mwalimu mkuu na mgeni hakuna aliyekuwa na ujasiri huo. Nilihisi bega la Mkubwa likikakamaa kando yangu, kama lilivyokuwa likikakamaa kabla ya kusukuma.

“Huyu ni mtu ako na boma,” alisema Tisa. “Siku ile lori iliharibika Shianda, alitupereka kwake. Mke yake alitupikia ingokho, sisi wote, mpaka tukashindwa. Na mtoto yake alilala hapa kwa mapaja yangu. Kwa hivyo mimi nasema, asante sana, Baba...” Na akalitaja jina la mtoto, wazi, kwa sauti ya juu, kama mtu anayemvika mwenzake joho.

Timu ya pili yote ikapiga makofi na miguu. Walifikiri huo ndio mwisho mzuri kuliko yote, na kwa kweli ulikuwa. Sisi wakubwa tulikaa kama tumemwagiwa maji.

Padre aliweka kikombe chini. Mwalimu wetu wa raga alianza kuelewa kidogo kidogo, na wekundu ukapanda kutoka shingoni hadi masikioni. Makofi yakafifia. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama meza. Kisha akainua uso, na akazungumza Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yetu.

“Nadhani huyu mdogo amechanganya,” alisema polepole, akimtazama Mkubwa. “Yule alikuwa mtoto wa dada yako aliyekuja kutembea. Sivyo?”

Hakuna mtu mle ndani, kuanzia kidato cha kwanza, ambaye hakuona kwamba amefunguliwa mlango. Hata padre alitazama dirishani kwa makusudi, kana kwamba huko nje kuna ndege anayemvutia. Ilibaki neno moja tu. Mkubwa akasimama, na mimi nikamtazama kutoka chini na kusema kimoyomoyo, sema ndiyo, sema ndiyo basi, ni neno tu, nani atakwenda Shianda kuuliza?

Lakini mtu hamkani mtoto wake mbele ya watu. Si kwetu. Mtoto aliyekanwa, tena anayenyonya, husemwa hakai duniani. Mama yake naye umemwita nini? Wapo watakaosema huo ni ushirikina, na kwamba kijana aliyekuwa na akili ya hesabu angepaswa kujua maneno hayaui. Nami nimewahi kusema hivyo, kwa hasira, nikiwa peke yangu. Ila wakati ule nilipomwona amesimama pale, nilijua kwamba hatasema, na kwamba mimi pia nisingesema.

“Hapana, mwarimu,” alisema Mkubwa. “Ni wangu.”

Akaketi. Tisa, ambaye alikuwa bado amesimama juu ya benchi, akapiga makofi tena, peke yake.

Jambo ninaloliona baya kuliko yote ni kwamba chai haikukoma. Walikuwa wamebaki watu wengi ambao hawajasema, na hakuna aliyejua namna ya kufunga shughuli, kwa hiyo tuliendelea. Mmoja baada ya mwingine tulisimama, tukautazama msimu nyuma, tukashukuru. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na mambo chungu nzima ya kusema. Nilisimama nikamshukuru mpishi kwa siagi, nikaketi. Mkubwa alinipigia makofi.

Kesho yake, kabla ya masomo, sisi wa timu ya kwanza tulikwenda kusimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hatukuwa na hoja. Nahodha alisema tu kwamba tumekuja kumwombea mwenzetu. Mwalimu mkuu hakutufokea, na nilitamani atufokee.

“Mnataka nifanye nini?” aliuliza. “Nilimpa njia mbele yenu. Angesema ni wa dada yake, ningeamini mpaka nife. Sasa amesema mbele ya bodi. Kuna watu wanangoja waone Mwafrika akivunja sheria ya kwanza, wapate kusema tuliwaambia.” Akavua miwani akaishika tu mkononi. “Huyo ndiye mwanafunzi wa hesabu niliyekuwa namtegemea. Nendeni darasani.”

Mwalimu wa raga alikwenda kwa padre mwenyewe, kwa pikipiki, akarudi jioni na kutupita uwanjani bila kusimama. Baadaye tulisikia padre alimpokea vizuri na kumpa chakula, akamwambia anasikitika sana. Kila mtu alisikitika. Sijawahi kuona jambo ambalo watu wengi hivyo walilisikitikia na lisisogee hata unyayo mmoja.

Bwenini mmoja wetu alitaka kumpiga Tisa. Mkubwa alikuwa anapanga vitu vyake kwenye lile sanduku la bati, na alimwita huyo mwenzetu akamketisha kitandani.

“Umpige kwa nini?” alimuuliza. “Tangu nizariwe hakuna mtu amenisifu hivyo mbere ya watu. Hata baba yangu hakunisifu hivyo. Yeye asiambiwe. Mwambieni kwamba mama yangu ameniita nyumbani kulima.”

Tukamwambia Tisa hivyo, na Tisa akaamini. Asubuhi aling'ang'ania kubeba sanduku kichwani mpaka barabarani, akashindwa kufika hata langoni, tukambebea. Mkubwa alimshika mkono kama anayeaga mtu mzima mwenzake. Alitupungia, akapanda basi la Mumias, na sisi tukarudi kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Tisa aliniuliza njiani kama Mkubwa atakuwa amemaliza kulima kabla ya msimu ujao. Nikamwambia inategemea mvua.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa muhula wa tatu, Jumamosi tuliyoruhusiwa kwenda mjini, na nilikuwa napita sokoni Kakamega nikitafuta ndizi za bei nafuu. Nikasikia naitwa. Alikuwa amekaa kwenye gunia la mahindi, mkewe kando yake akipimia mteja kwa debe. Alikuwa amekonda usoni na kupanuka mabegani, na ndevu hakuwa ananyoa tena. Tulisalimiana kwa kelele na kupigana mabega kama mafala. Mkewe aliniuliza hali ya wale watoto, na kama yule winga amejifunza kukamata kuku.

“Huyu hapa,” alisema Mkubwa, na kabla sijajibu alikuwa ameniwekea mtoto mikononi.

Nitasema ukweli: nilitaka kumchukia yule mtoto. Nilikuwa nimemchukia kwa miezi, kutoka mbali, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa mahali pa rafiki yangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyotazamia. Alinishika kola ya shati la shule, akaivuta kuipeleka mdomoni, na akaanza kuitafuna kwa ufizi, akinitazama bila wasiwasi wowote.

Tulizungumza habari za mahindi, na za mvua, na za raga. Nilimweleza aliyewekwa mahali pake kwenye skramu, nikamwambia ni mlegevu, na hiyo ilikuwa kweli. Mteja akaja, mkewe akageuka kumhudumia. Mkubwa akasogea karibu nami, akapunguza sauti.

“Zire hesabu za herufi,” alisema. “Mmefika wapi?”

Sura ile tulikuwa tumeimaliza zamani. Tulikuwa tumemaliza na iliyofuata, na tulikuwa tumeanza nyingine iliyokuwa na michoro ya mistari na pembe, ambayo kila nilipoitazama nilijua yeye angeipenda.

“Bado tuko pale pale,” nikamwambia. “Mwalimu amekuwa mgonjwa.”

Aliwaza kidogo, akihesabu kitu kichwani, na uso wake ukafunguka.

“Basi sijacherewa,” alisema.

Nikamrudishia mtoto wake.